Sifa ya Mkono Unaosugua Supapu

Kazi nyingi za gereji hujitangaza zenyewe. Anayepiga rangi huacha gari liking'aa, na anayebadilisha tairi huonekana na kila mpita njia. Fundi anayeondoa masizi kwenye supapu za kuingiza hewa, akishafunga injini, hakuna atakayeona alichokifanya. Huyo ndiye ninayemsifu, na mmoja wa aina yake namjua mtaani Katoyi, katika komini ya Karisimbi mjini Goma.

Magari mengi ya huku yalifika yakiwa yameshatumika Japani. Kisha yanakutana na mawe ya volkeno, vumbi jeusi linaloziba chujio la hewa, na safari fupi za gia ya kwanza na ya pili, ambazo haziipi injini nafasi ya kupata moto sawasawa. Baadhi yana injini zinazopuliza esanse moja kwa moja ndani ya silinda, aina ambayo Mitsubishi na Toyota walianza kuiuza Japani mwaka 1996. Katika injini za zamani, esanse ilipita juu ya supapu na kuiosha. Katika hizi supapu inapata hewa tu, pamoja na mvuke wa mafuta ya injini na, katika baadhi, moshi uliorudishwa kutoka ekzosi. Mvuke ule hunata, huungua na kukauka juu ya supapu kama ukoko wa sufuria ya bugali. Kuanzia mwaka 2005, Toyota waliuza pia injini zenye injekta mbili kwa kila silinda, moja ikipuliza njiani mwa hewa, na supapu zikapata tena kitu cha kuziosha.

Dalili za ukoko huo dereva anazijua: asubuhi ralanti inayumba, gari linatetemeka, mlima unakuwa mzito. Wapo watakaomuuzia chupa ya dawa ya kumimina kwenye tangi. Kwa injini zisizo na injekta hiyo ya pili ni pesa ya bure, maana kinachotoka kwenye tangi hakipiti kamwe juu ya supapu. Fundi mwaminifu humweleza mwenye gari hivyo, hata kama chupa hiyo ingemletea faida ya haraka.

Yeye anafungua. Anatoa bomba la hewa lenye matawi manne, anamulika tochi ndani ya tundu, na pale panapopaswa kung'aa chuma pana uvimbe mweusi, mgumu, wenye mafuta. Sasa inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote: anazungusha injini taratibu kwa ufunguo mpaka supapu za silinda moja zijifunge kabisa. Asipofanya hivyo, vipande vitaanguka ndani na kukwaruza kuta za silinda. Anamimina dawa ya kulainisha na kuiacha ilowe. Kusubiri huko nako ni ujuzi. Mwenye haraka hushika bisibisi na kuumiza chuma. Kisha anachokonoa kwa kijiti, anasugua kwa brashi, ananyonya uchafu na kupuliza kwa kompresa, halafu anahamia silinda inayofuata na kuanza upya. Ulaya na Marekani gereji kubwa hupuliza unga wa maganda ya jozi kwa mashine. Mkono wenye subira unafika palepale, ila unachukua siku nzima.

Na siku hiyo ina thamani. Injini ya kubadilisha husafiri kutoka bandari za Mombasa au Dar es Salaam, ikivuka mipaka, na gharama yake huongezeka njiani. Kwa dereva wa teksi, anayeokoa injini iliyopo ameokoa chakula cha nyumba.

Kwa hiyo, ukimpelekea fundi huyo gari, usimharakishe. Mwombe akuonyeshe supapu kabla ya kufunga, nunua gasketi mpya, wala usimpunguzie malipo eti hakuna kilichobadilishwa.