Mwendo Ndio Uliowavusha: Maiyoro, Temu na Ondieki

Uliza mjini Kisii au Nyamira ni nini kilichowafanya wakimbiaji wa Gusii wasikate tamaa, na wengi watakujibu kwamba walikuwa na moyo. Jibu hilo linafaa hotuba za shuleni siku ya kutoa zawadi. Halimsaidii mtu aliye katikati ya kazi ndefu, anayeikabili peke yake bila wa kumshangilia, na ambaye ameanza kujiuliza kwa nini asiache tu. Mtu huyo anahitaji kujua walichokifanya hasa. Mbio zao zikichambuliwa mzunguko kwa mzunguko, kinachojitokeza ni hesabu: nani alitumia nguvu kiasi gani, na wakati gani. Hoja ya safu hii ni kwamba tamaa ya kuacha aghalabu huzaliwa na mwendo uliokosewa, na kwa hiyo hutibiwa kwa kuurekebisha mwendo.

Tuanze na Nyandika Maiyoro, mwana wa Kisii na nyota wa kwanza wa mbio ndefu nchini Kenya. Julai 1954, akiwa njiani kwenda kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver, alishindana katika uwanja wa White City, London. Mwenzake Lazaro Chepkwony alikuwa ametangulia katika mbio za maili sita. Alikuwa akichomoka kwa kasi, akipunguza, kisha akichomoka tena, hadi akaumia na kutoka uwanjani. Maiyoro alipoingia katika maili tatu, naye alifyatuka tangu mwanzo na kuwaacha Waingereza makumi ya mita nyuma. Watazamaji walisimama. Lakini Freddie Green na Chris Chataway hawakumfuata kwa pupa. Walimrudia taratibu, wakampita, na wote wawili wakapewa muda wa 13:32.2, rekodi mpya ya dunia. Maiyoro alimaliza wa tatu kwa 13:54.8.

Wiki chache baadaye, kule Vancouver, alikuwa wa nne kwa 13:43.8. Mtu yuleyule, mapafu yaleyale, na sekunde 11 zimepungua. Katika muda mfupi hivyo mwili haubadiliki kwa kiasi hicho. Kinachoweza kubadilika ni namna ya kuutumia. Mkimbiaji anayeanza kwa kasi kupita uwezo wake hukopa hewa, na deni hilo hulipwa katikati ya mbio, mahali ambapo hakuna shangwe. Misuli huwaka, miguu huwa mizito, na akili huanza kudai mapumziko. Wakati huo mkimbiaji hudhani ameishiwa ari, kumbe analipa gharama ya mizunguko ya mwanzo.

Yaliyofuata katika maisha ya Maiyoro yanastahili kutazamwa vilevile. Katika Olimpiki ya Melbourne, 1956, alimaliza wa saba katika mita 5,000. Roma, 1960, alikuwa wa sita. Miaka minne ya jasho ikamsogeza nafasi moja. Anayepima kazi yake kwa medali pekee angesema hapo hakuna faida. Hata hivyo, nafasi hizo mbili zilikwisha kuonyesha kwamba Mkenya anaweza kufika fainali ya Olimpiki na kukimbia bega kwa bega na walio bora duniani. Waliokuja baada yake hawakulazimika kuanza na swali hilo.

Mmoja wao ni Naftali Temu wa Nyamira. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Tokyo, 1964, na katika marathoni alimaliza wa 49. Miaka miwili baadaye, mjini Kingston, Jamaika, alishinda maili sita za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa kumwacha Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000. Ndipo ikaja Olimpiki ya Mexico City.

Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji lililo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho humpunguzia mkimbiaji takriban robo ya oksijeni katika kila pumzi. Rekodi ya Clarke ilikuwa 27:39.4, yaani wastani wa sekunde 66.4 kwa kila mzunguko. Temu alishinda kwa 29:27.4, wastani wa sekunde 70.7. Mshindi wa Olimpiki alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika moja na sekunde 48, na siku hiyo huo ndio uliokuwa mwendo sahihi.

Tazama jinsi ulivyogawanywa. Nusu ya kwanza ilichukua takriban dakika 15, na kundi zima likaenda kama linalotembea. Nusu ya pili ilikuwa ya kasi zaidi kwa zaidi ya nusu dakika. Hapo ndipo waliozoea hewa nzito ya pwani walipoanza kudondoka mmoja mmoja. Mkenya mwenzake Temu, Kipchoge Keino, akisumbuliwa na maumivu makali ya tumbo kutokana na kibofu cha nyongo, alianguka nje ya njia ikiwa imebaki mizunguko michache. Clarke alimaliza wa sita kisha akazirai. Mbele walibaki Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Wolde alichomoka. Temu hakuhamaki, alibaki mgongoni mwake na kumpita katika mita za mwisho, kwa tofauti ya sekunde 0.6. Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Mtu anaweza kusema hapo moyo ndio ulioamua. Sikatai kwamba moyo ulikuwepo. Lakini moyo wa mita 50 za mwisho unahitaji miguu ya kuubeba, na miguu hiyo ilitunzwa katika mizunguko 24 iliyotangulia. Siku nne baadaye Temu alichukua shaba katika mita 5,000, na tarehe 20 alikimbia marathoni na kumaliza wa 19. Fainali tatu ndani ya siku nane.

Wa tatu ni Yobes Ondieki wa Kisii. Mwaka 1991, mjini Tokyo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 baada ya kuwatoroka wenzake mapema. Mwaka uliofuata, Barcelona, akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, alimaliza wa tano. Wengi huachia hapo: umeshafika kileleni, umeshuka, na gazeti limeshaandika kwamba umekwisha. Tarehe 10 Julai 1993, katika uwanja wa Bislett, Oslo, Ondieki alikimbia mita 10,000 kwa 26:58.38. Hakuna mwanadamu aliyekuwa ameshuka chini ya dakika 27 kabla yake. Siku tano tu kabla ya hapo Mkenya mwenzake, Richard Chelimo, alikuwa ameweka rekodi ya 27:07.91 mjini Stockholm.

Nusu ya kwanza ya Ondieki ilikuwa takriban 13:28 na ya pili takriban 13:30. Wastani ni sekunde 64.7 kwa mzunguko, mara 25. Rekodi kubwa namna ile ilipatikana bila mzunguko hata mmoja wa miujiza. Ilikuwa ni kurudia jambo lilelile kwa usawa hadi mwisho.

Sasa tuyalete haya kwa mtu asiye mkimbiaji: anayeandika makala kila wiki bila kujua nani anasoma, anayesomea shahada jioni baada ya kazi, anayefundisha kwaya ya kijijini. La kwanza, kasi ya mwanzo isipangwe kwa furaha ya mwanzo. Aliyeahidi makala saba kwa juma ataona aibu ya kutoa mbili, na aibu hiyo ndiyo itakayomfukuza. Aahidi moja, ailete kila juma.

La pili, mazingira yahesabiwe. Temu hakujaribu kukimbia mwendo wa rekodi ya Clarke akiwa Mexico. Mama mwenye mtoto mchanga, au mwalimu aliye katika muhula wa mitihani, yuko kwenye mlima. Asijipime kwa muda alioweka akiwa tambarare.

La tatu, malipo ya karibu yatengwe na malipo ya mbali. Mkulima wa chai wa Nyamira analijua hili vizuri: huchuma kila baada ya siku kadhaa, hulipwa kidogo kila mwezi, na bonasi huja mara moja kwa mwaka. Akingoja bonasi peke yake, atang'oa michai kabla haijafika. Kazi ndefu nayo iwe na kipimo cha mwezi, hata kama ni kuhesabu kurasa zilizokamilika.

Na kuna wakati wa kutoka. Keino alitoka katika mita 10,000 kwa sababu ya ugonjwa, na wiki moja baadaye akashinda dhahabu ya mita 1,500 katika michezo ileile. Temu mwenyewe hakuvuka mchujo mjini Munich mwaka 1972. Kuacha mbio moja si kosa. Kosa ni kuamua ukiwa umeishiwa pumzi, wakati hesabu zote huonekana mbaya.

Basi ikiwa leo unataka kuiacha kazi yako, usiiache leo. Punguza kasi kwa mwezi mmoja, fanya nusu ya ulichokuwa ukifanya, lakini kifanye kwa siku zake bila kuruka. Mwezi ukiisha ukiwa bado hutaki, acha bila majuto. Ukikuta hamu imerudi, utakuwa umejua kilichokuchosha.