Zimwi katika Daftari: Eimu wa Ukambani na Michezo ya Mezani ya Usimulizi

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki umezoea kuchunguza ngano inapotoka kinywani kwenda kitabuni, na inapotoka kitabuni kwenda jukwaani. Uko uhamishaji mwingine unaostahili kupimwa kwa mizani hiyo hiyo: ule wa kuwatwaa wanyama na viumbe wa ngano na kuwafanya madubwana ya michezo ya mezani. Katika michezo hii, ambayo chimbuko lake ni Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyotolewa Marekani mwaka 1974, kila mchezaji hushika nafsi ya mhusika mmoja, kiongozi wa mchezo husimulia mandhari na matukio, na dadu huamua iwapo tendo limefaulu.

Makala haya yanachunguza yanayompata eimu, zimwi wa ngano za Wakamba wa Kitui na Makueni, anapotiwa katika mfumo huo. Hoja ya msingi ni kwamba mchezo wenyewe una uwezo wa kumpokea eimu, pengine kuliko ukurasa uliochapwa. Kinachomwangamiza ni daftari la madubwana linaloandamana na mchezo.

2. Daftari na itikadi yake

Mwaka 1977 Gygax alichapisha Monster Manual, kitabu chenye madubwana zaidi ya 350. Kila kiumbe amepewa ingizo la muundo mmoja: huonekana mara ngapi, hutembea wangapi, kinga yake ni ngumu kiasi gani, ana dadu ngapi za uhai, hudhuru kwa kiasi gani, ana akili kiasi gani, na maadili yake yameelekea wapi. Wamo majini wa Waarabu na rakshasa wa Wahindi; wamo pia simba, kiboko, nyani, fisi na kifaru. Itikadi ya kitabu hiki imo katika usawa wa umbo lake. Kila kilichomo kinapimika, kila kinachopimika kinaweza kuuawa, na anayeua hulipwa alama zinazomkuza mhusika wake.

Msomaji anayeijua historia ya Makueni hatakosa kuitambua fani hii. Kati ya mwaka 1944 na 1946, mwindaji J. A. Hunter, akitumwa na idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni, aliua huko vifaru wapatao 1,000 ili ardhi isafishwe kwa ajili ya makazi ya wakulima wa Kikamba. Kazi hiyo aliisimulia katika kitabu chake Hunter cha mwaka 1952. Haidaiwi hapa kwamba Gygax aliathiriwa na Hunter. Kinachodaiwa ni kwamba hesabu ya mwindaji na daftari la madubwana ni tanzu ndugu: zote mbili humwona mnyama kama kizuizi chenye idadi, nazo humkumbuka kwa sababu tu ameondolewa.

Mfano wa fisi unaeleza zaidi. Katika kitabu cha 1977 wamo viumbe waitwao gnoll, jamii ya watu wenye sura ya fisi, na uovu umeandikwa kuwa ndio maumbile yao. Kwa Kikamba fisi ni mbiti, na Mbiti ni jina la mtu. Ndilo jina la John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na ambaye mkusanyo wake Akamba Stories ulitoka mwaka 1966. Fisi wa ngano ni mlafi na mjinga. Sungura humlaghai, hadhira ikamcheka, na kila anayecheka hujiona kidogo ndani ya ulafi ule. Daftari limeubakiza ulafi na kukiondoa kicheko. Kicheko kikishaondoka, fisi hana tena ukoo na msikilizaji.

3. Eimu: kiumbe asiye na umbo

Tatizo huwa zito zaidi kwa eimu, kwa kuwa nguvu yake ya kisanaa ni kukosa umbo la kudumu. Gerhard Lindblom, aliyezikusanya ngano za Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20, na Mbiti baada yake, wanamwonyesha kiumbe anayebadilika: mara jitu la kutisha, mara mtu kama watu wengine. Katika ngano za aina hii msichana huvutwa na kijana mzuri asiyejulikana kwao, akamfuata, na ukweli humfunukia akiwa mbali na nyumbani. Swali linaloisukuma ngano ni hili: mgeni huyu ni nani, na nani anaweza kumtaja kwao? Ingizo la daftari hulijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Mchezaji aliyeusoma ukurasa wa eimu hawezi tena kudanganyika, na pasipo udanganyifu ngano haina msuko.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Jina eimu linakaribiana mno na aimu, neno la Kikamba la mizimu ya wahenga. Kiswahili nacho, kwa mzizi huo huo wa Kibantu, kina mzimu, zimwi na kuzimu. Mhenga, mla watu na makao ya wafu wamegawana shina moja, wakitengwa na ngeli tu. Katika African Religions and Philosophy (1969) Mbiti anaeleza kwamba marehemu hubaki katika hali ya mfu aliye hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Kumbukumbu hiyo ikikatika, huingia katika kundi la mizimu isiyo na majina. Kwa kuyasoma maelezo hayo pamoja na ngano, eimu anaweza kufasiriwa kama hofu ya kiumbe asiye na wa kumtaja. Kumwandikia ingizo lenye dadu za uhai na mwelekeo wa maadili ni kumtenga kabisa na wahenga, na kuifuta hofu iliyomzaa.

4. Juhudi za karibuni

Wapo waliojaribu kurekebisha mambo. Kitabu Nyambe: African Adventures cha Christopher Dolunt (2002) kiliunda ulimwengu mzima wa mchezo kutokana na visasili vya Afrika. Mwaka 2021 wachapishaji wa Pathfinder walitoa The Mwangi Expanse, kitabu kipana kuhusu eneo la kubuni lenye watu wa tamaduni nyingi. Juhudi hizi zinastahili heshima, kwani zimewapa wahusika wa Kiafrika nafasi ya ushujaa. Hata hivyo, Mwangi kwa Wakikuyu, majirani wa Wakamba, ni jina la mtu na la rika. Kuliona limekuwa jina la nchi ya kubuni kunaonyesha jinsi neno linavyoweza kusafiri huku ukoo wake ukiachwa nyuma. Viumbe nao wameongezeka, lakini umbo la ingizo limebaki lile lile.

5. Meza na moto

Inaweza kupingwa kwamba Lindblom na Mbiti nao waliigandisha ngano kwa kuiandika. Pingamizi hilo lina uzito, na ndilo linaloufanya mchezo wa mezani uwe wa thamani. Mezani kuna fanani na hadhira ana kwa ana. Hadhira hukatiza, huuliza, hubadilisha mwelekeo. Simulizi la leo halirudiwi kesho. Hizo ndizo sifa za ngano ya kando ya moto, na kitabu hakina hata moja kati yake.

Kwa hiyo, anayetaka kumwingiza eimu mchezoni amtafutie nafasi katika msuko. Eimu aje kama mchumba, mgeni wa mavuno au ndugu aliyepotea miaka mingi, na wachezaji wamtambue kwa dalili. Ushindi nao ubadilishwe. Katika ngano nyingi za Kibantu za eneo hili, zimwi anayekaribia kufa huagiza akatwe kidole, na humo hutoka watu na ng'ombe aliowameza. Kifo chake ni mlango wa kuwarudisha waliopotea. Mchezo unaotoa alama kwa kila aliyerudishwa nyumbani, badala ya kwa kila aliyeuawa, utakuwa umeitafsiri ngano. Mchezo unaohesabu mizoga utakuwa umeirudia kazi ya Makueni ya 1944.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kasoro ya uhamishaji huu haitibiwi kwa kuongeza idadi ya viumbe wa Kiafrika katika madaftari, kwa kuwa kasoro imo katika umbo la daftari. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaoupuuza mchezo wa mezani kama upuuzi wa vijana wanaupuuza utendaji ulio hai. Eimu amekuwa akiishi kwa kutotambulika upesi, na fanani atakayemsimulia mezani atahitaji kwanza kuuacha ukurasa wake mtupu.