Tano ya nini?

Kuna notisi za ubunifu wa vyuma zinazorithishwa darasa hadi darasa. Zikifika kwenye sikio la kunyanyulia, yaani lile bamba lenye tundu linalochomelewa juu ya mzigo ili kreni ipate pa kushika, zinasema sentensi moja tu: tumia kigezo cha usalama cha 5. Halafu zinahamia mada nyingine. Mimi nilizibeba hivyohivyo hadi mafunzo kwa vitendo, nikachora masikio mawili ya tangi la tani 4, nikampelekea msimamizi. Hesabu hakuzigusa. Aliuliza tu, "Tano ya nini, kijana?" Sikuwa na jibu.

Chukua chuma cha S275. Kikifikia newtoni 275 kwa milimita ya mraba kinaanza kupinda bila kurudi. Kukatika ni kuanzia 410. Ukigawa 410 kwa 5 unapata 82. Ukigawa 275 unapata 55. Yaani "tano" ileile inakupa bamba la milimita 10 au karibu 15, na notisi hazisemi ni ipi.

Nahisi tano hii imetoka kwenye kamba. Sheria za mashine za Ulaya zinataka 4 kwa mnyororo, 5 kwa waya, 7 kwa silingi za nyuzi, zote dhidi ya kukatika. Hapo ina mantiki: waya husuguliwa na kupindwa kila siku, kitambaa huliwa na jua na kingo kali. Lakini sikio halichakai namna hiyo. Maradhi yake ni mengine, hasa weldingi mbovu na kuvutwa upande lisikotegemea. Wamarekani, kwenye kiwango chao cha BTH-1 cha vifaa vinavyoning'inia chini ya ndoano, wanatumia 2 pale mzigo na mazingira yanapojulikana vizuri, na 3 yasipojulikana. Hizo ni dhidi ya kuanza kupinda. Dhidi ya kukatika wanazidisha tena kwa 1.2. Namba ndogo, ndiyo, lakini wanakudai ukague tundu, weldingi na uchovu wa chuma, kila kimoja kivyake.

Sasa turudi kwenye tangi langu. Nilikuwa nimegawa tani 4 kwa masikio mawili, kila moja tani 2, kana kwamba silingi zinasimama wima. Kumbe zilipangwa kulala nyuzi 30 tu kutoka usawa wa ardhi. Kwa pembe hiyo kila silingi inabeba tani 4 kamili! Na karibu tani 3.5 kati ya hizo zinavuta kwa mlalo.

Sikio lilikuwa na upana wa milimita 100, unene 15, na tundu milimita 60 juu ya weldingi. Kwa mvuto wima wa tani 2, shinikizo kwenye shina ni kama 13. Ukilinganisha na 410, kigezo ni zaidi ya 30, raha tupu. Ila nilikuwa nimeligeuza ubapa kuelekea mvuto. Mvuto wa mlalo peke yake unaleta takriban 540 pale shinani. Hilo sikio lingelala kabla tangi halijaachana na ardhi vizuri, na watu wa kushika kamba wako pembeni yake.

Siwezi kuzilaumu notisi kwa uvivu wangu wa kutouliza pembe. Na tano ina faida yake: inakumbukika, hata fundi asiye na kikokotoo anaishika. Lakini kumpa mwanafunzi namba bila mchoro wa nguvu ni kumfundisha aache kuangalia. Ukurasa mmoja wenye silingi iliyolala ungetosha kabisa.

Msimamizi aliyageuza masikio nyuzi 90, ukingo ukaelekea silingi. Bamba lilibaki lilelile la milimita 15. Ile 540 ikashuka hadi kama 80, na weldingi tukaipigia hesabu upya mchana kutwa.