Nta Isiyobaki

Kikopo cha nta kimekaa ndani ya sufuria ya maji, na sufuria iko juu ya jiko la umeme lililopunguzwa moto. Brashi iko pembeni, mfinyanzi hajaigusa. Amelishika bakuli kwa mkono wa kushoto na analizungusha taratibu mbele ya dirisha, anatazama kama glezi aliyolimwagia imekauka sawasawa. Ikiwa na unyevu, nta haitashika. Ikikauka mno itakuwa vumbi, na brashi itaibeba badala ya kupita juu yake. "Bado kidogo," anasema, kisha analirudisha mezani. Nilikaa asubuhi nzima katika karakana hiyo, pembezoni mwa Nairobi, ili nimwone akichora mistari mitano.

Aliyewahi kutengeneza batiki ameshajua tunakokwenda. Kwenye kitambaa, nta huziba pale ambapo rangi haitakiwi kuingia; kitambaa kikishazamishwa katika rangi na kuchemshwa, nta huondoka, na palipozibwa hubaki kama palivyokuwa. Kwenye vyombo vya udongo mantiki ni ile ile, ila hakuna sufuria ya kuchemshia. Kazi ya kuiondoa nta hufanywa na tanuri.

Glezi ni lile tabaka la kioo linalofunika sahani na vikombe tunavyolia kila siku. Kabla ya kuchomwa haing'ai hata kidogo. Ni mawe, udongo na majivu, vimesagwa na kukorogwa na maji mpaka vikawa kama uji mwepesi. Chombo kilichochomwa mara moja tu kina kiu. Kikichovywa katika uji huo hunyonya maji mara moja na kuacha unga umeganda juu ya ngozi yake. Hapo ndipo mfinyanzi huchora kwa nta, halafu hulimwagia bakuli lake glezi ya pili ya rangi nyingine. Penye nta, glezi ya pili haipati pa kushika. Kadiri tanuri linavyopanda joto, nta huyeyuka, hutoa moshi na kuungua yote, mapema kabisa kabla glezi hazijaanza kuyeyuka. Mwisho wa yote, mchoro unaouona ni glezi ya kwanza ikichungulia kupitia ile ya pili. Nta iliyouchora haipo tena mahali popote duniani.

Hilo ndilo linaloniteka. Mchoraji wa karatasi huacha wino wake. Mchongaji anakata, lakini walau anauona mkato. Mfinyanzi huyu anachora kwa kitu kisicho na rangi, juu ya unga usiofanana na rangi utakayoizaa, kisha anaufunika mchoro wenyewe kwa uji mwingine ambao nao bado hauna rangi yake ya kweli. Glezi nyeusi na glezi ya kahawia, zikiwa mbichi, zinaweza kuonekana kama ndugu wa tumbo moja. Kila anachokijua kuhusu bakuli hilo anakijua kichwani na mkononi. Wengine hutia tone la rangi katika nta ili wauone mstari wanapouchora. Rangi hiyo nayo itaungua.

Waliofanya kazi hii kwa mkono niupendao kuliko yote walikuwa Mashiko, mji wa wafinyanzi kaskazini mwa Tokyo. Ufinyanzi ulianza huko mwaka 1853, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa vyombo vya jikoni: mitungi ya maji, vibia vya kusagia, birika za chai. Udongo wake una chembe na haufai kwa vitu vyembamba vya mapambo. Mfinyanzi Hamada Shoji alihamia huko baada ya kurudi kutoka Uingereza, ambako mwaka 1920 yeye na mfinyanzi mwenzake Bernard Leach walianzisha karakana katika mji wa St Ives. Alikuwa amesomea kemia ya glezi na angeweza kuagiza malighafi safi kutoka popote. Akachagua kutumia vilivyopo: udongo wa hapo hapo, majivu ya hapo hapo, na jiwe moja laini la jirani ambalo likisagwa tu linakuwa glezi. Wenyeji huiita kaki, kwa jina la tunda lao. Ina chuma kingi, na ikitoka motoni ina wekundu wa kahawia unaonikumbusha udongo wa barabara za Kiambu mvua ikishanyesha.

Kaki hupendeza zaidi ikikaa juu ya glezi nyeusi, na kati ya hizo mbili ndipo Hamada alipoiweka nta. Kwanza nyeusi. Halafu brashi ya nta: duara, au mistari miwili inayokatana, au lile shina lenye majani yaliyoinama ambalo alilichora kwanza Okinawa kutokana na mimea ya mashambani, akaendelea kulichora kwa miongo kadhaa. Kisha kaki juu ya yote. Likifunguliwa tanuri, shina limesimama jeusi na lenye kung'aa katikati ya wekundu uliofifia kidogo. Mipaka yake haikukatwa kwa kisu. Ina ulaini wa kitu kilichoyeyuka kando ya kingine, maana katika joto la nyuzi karibu 1,300 za Selsiasi glezi mbili zinazogusana huingiliana. Unaweza kuona mahali brashi ilipotua ikiwa imejaa nta, na mahali ilipoanza kuishiwa, jani likachanika ncha. Kasi ya mkono uliopita zamani bado inasomeka.

Kasi hiyo si mbwembwe. Nta ya moto haikupi muda. Ikitoka kwenye kikopo huanza kupoa hewani, na ikigusa bakuli baridi huganda karibu hapo hapo. Ukisita, brashi inanata na kubandua glezi. Nta ikipoa mno, inakaa kwa mabonge. Ikipata moto mno, inafuka moshi na kusambaa hadi mstari unapoteza umbo. Rafiki yangu yule mfinyanzi wa Nairobi huchanganya nta ya mishumaa na mafuta kidogo ili iteleze, na kamwe haweki kikopo juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta iliyopitiliza joto inaweza kulipuka moto bila kubisha hodi. Dirisha lake huwa wazi hata kukiwa na baridi. Siku ya kuchoma, mlango nao huwa wazi, mpaka moshi wa nta uishe.

Siku hizi kuna nta ya maji, inayouzwa kwenye chupa na isiyohitaji jiko. Ni salama zaidi na inasubiri: unaweza kuchora polepole, ukatua, ukaendelea. Nimeona kazi nzuri zilizofanywa nayo, na kwa darasa la watoto nisingetaka nyingine. Hata hivyo, nikiwekewa mabakuli mawili, jicho langu huenda kwenye lile la nta ya moto. Mstari wa nta ya maji mara nyingi unafanana na mtu aliyepata nafasi ya kubadili mawazo.

Nta ya moto haibadili mawazo. Nilipopewa brashi nijaribu, tone moja lilidondoka kwenye ukingo wa bakuli, mbali na pale nilipokusudia. Nikanyoosha kidole ili nilifute, rafiki yangu akanishika mkono. Nta haifutiki. Ukiikwangua inaacha mafuta ndani ya vinyweleo vya udongo, na glezi itapakataa pale milele. Njia ya uhakika ni kuosha glezi, kurudisha chombo kwenye tanuri ili nta iungue, na kuanza upya, kazi ya siku kadhaa kwa ajili ya tone moja. Akalitazama lile tone, akachukua brashi, akaweka matone mengine sita kuuzunguka ukingo kwa nafasi zilizo sawa. Bakuli hilo ninalo. Ninanywea uji.

Kuna jambo dogo ambalo picha za vitabuni hazilionyeshi vizuri. Glezi ya pili ikimwagwa, haitelezi yote kutoka kwenye nta. Vitone vidogo hubaki vimekaa juu yake, mviringo kabisa, kama maji juu ya jani la gimbi. Wengine huvifuta kimoja kimoja kwa sponji yenye unyevu ili mchoro utoke safi. Wengine huviacha, na nta ikiungua chini yake, vitone hushuka na kuyeyukia pale pale, vikawa madoa ya kahawia ndani ya jani jeusi. Mimi niko upande wa wanaoviacha. Jani lenye madoa lina mvua ndani yake. Lakini mfinyanzi mzuri haachi ovyo: nilimwona rafiki yangu akifuta vitone vitatu na kuacha viwili, akageuza bakuli, akafuta kingine.

Kabla ya Mashiko, kwa karne nyingi, wafinyanzi wa Jizhou kusini mwa China walikuwa wameshalielewa wazo hili kwa njia yao. Wakati wa enzi ya Song walibandika karatasi zilizokatwa maua na ndege juu ya glezi nyeusi ya vikombe vya chai, wakatia glezi ya rangi nyepesi juu yake, wakabandua. Ndege akabaki mweusi. Wao waliona mchoro wao kabla ya moto, jambo ambalo mtu wa nta hunyimwa.

Kwetu, chungu cha kupikia hakijawahi kuhitaji glezi. Huchomwa kwa kuni au nyasi mahali pa wazi, kwa moto usiofikia kuyeyusha glezi za namna hii, na uzuri wake hutoka kwenye kusuguliwa kwa jiwe au mbegu na kwenye michoro ya udongo mwekundu. Kwa hiyo nta iliwahi kufika kwetu kwa kitambaa kabla ya kufika kwa udongo. Rafiki yangu alijifunza batiki kwanza, kwa mama yake mdogo, na anasema mkono wake ulikuwa umeshazoea kutochora panapotakiwa rangi.

Hamada hakuandika jina lake kwenye vyombo alivyotengeneza baada ya kurudi Japani, hata alipotangazwa hazina hai ya taifa mwaka 1955. Ukipindua bakuli lake, chini unakuta duara la udongo mtupu. Hapo napo kwa kawaida ndipo nta hufanya kazi yake isiyosifiwa: wafinyanzi hupaka kitako kabla ya kuchovya, ili glezi isishike chini na chombo kisigandamane na rafu ya tanuri. Ni nta ya kikopo kile kile, iliyochora jani.

Mchana, bakuli la mistari mitano likawekwa kwenye rafu kusubiri mengine, maana tanuri haliwashwi kwa bakuli moja. Lilikuwa la kijivu, lenye vumbi, na mistari haikuonekana isipokuwa ukiliinamisha kwenye mwanga. Rafiki yangu akazima jiko. Brashi hakuiosha, brashi ya nta haioshwi. Alizinyoosha nywele za brashi kwa vidole wakati nta ingali laini, akaitundika kwenye msumari, na tulipomaliza chai ilikuwa ngumu kama kijiti. Itakaa hivyo mpaka siku atakapoirudisha kwenye nta ya moto, nayo ifunguke.