Ufundi wa Kusubiri Jibu

Wanafunzi wangu sasa wanabishana kwa Kiswahili. Mwezi Agosti walikuwa hawawezi kuitikia "hujambo" bila kuchungulia daftari. Sasa ni Aprili, theluji imeyeyuka, nao wanagombania wali na ugali kipi bora, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusonga ugali. Mei mkataba unakwisha, narudi nyumbani. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha ndivyo ulivyo: unawaleta vijana kutoka Kenya, Tanzania na kwingineko katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, wanafundisha huku nao wakihudhuria madarasa, kisha kila mmoja anarejea kwao.

Kabla sijafunga mizigo, nataka niisifu kazi hii, maana wanaoisifu ni wachache. Jina lenyewe linaishusha. Mtu akisikia "msaidizi" anafikiri habari za kubeba vitabu na kufuta ubao, na wengine wanadhani kinachotakiwa ni kuzaliwa Tanga au Lamu tu, mengine yatakuja yenyewe.

Hayaji yenyewe. Chukua ng' ya ng'ombe. Mmarekani anayo kinywani tangu utotoni, ila kwao sauti hiyo hukaa katikati au mwishoni mwa neno, haitangulii kamwe. Kumrudisharudisha kwenye "ng'ombe" asubuhi nzima ni kumchosha bure. Msaidizi mjuzi humpa neno la kwao linaloishia na sauti hiyo, akamwambia aivute, azidi kuivuta, kisha aiunganishe na "ombe" bila kupumua. Ng'ombe anapatikana. Mb ya mbuzi nayo ina dawa yake: funga midomo, guna kwanza, ndipo ufungue. Bila hivyo utasikia "imbuzi" muhula mzima.

Halafu yako maswali. Kwa nini kikombe kimeanguka, lakini kiboko ameanguka? Nyumbani swali hilo lingeishia kwenye "ndivyo tunavyosema". Hapa haliishii hapo. Lazima urudi kwenye lugha uliyonyonya na maziwa, uifungue, uone kwamba kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa watu hata jina lake likikaa pamoja na vikombe na viti, kisha ulieleze hilo kwa maneno machache kabla mwanafunzi hajachoka. (Shikamoo haikuwa na taabu yoyote. Wanafunzi niliowazidi miaka michache wananiamkia kwa furaha, nami naitikia "marahaba" kama babu.)

Lakini ninachokipenda zaidi ni namna ya kusahihisha. Mwanafunzi akisema, "Jana mimi nitaenda soko," fundi halidaki kosa. Husema, "Ala! Jana ulienda sokoni? Ulinunua nini?" Naye, akili yake ikiwa imeshahamia kwenye ununuzi, hujibu, "Nilinunua mayai." Wakati uliopita umekaa mahali pake na hakuna aliyeutaja. Hapo ndipo cheo chetu kidogo kinapogeuka kuwa zana. Mitihani na alama ni za mhadhiri. Mimi sina kalamu nyekundu, kwa hiyo mtu anathubutu kukosea mbele yangu, na asiyethubutu kukosea, lugha haimwingii.

Kigumu kuliko vyote ni kunyamaza. Sisi tumelelewa kuona haya mgeni akihangaika. Tunakimbilia kumtilia neno mdomoni kama tunavyokimbilia kumpokea mzigo. Darasani wema huo ni hasara. Mwanafunzi anatazama dari, anahesabu ngeli kwa vidole, midomo inajaribu ki-, inaacha, inajaribu vi-. Unajua anachokitafuta, unakiona kabisa. Unakaa kimya, uso ukiwa mkunjufu, mpaka akipate. Wenye vipaji vya kuongea nimewaona wakishindwa hapa.

Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Berlin ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki mwaka 1887, na pamoja na maprofesa Wajerumani waliajiriwa wazawa wa pwani yetu wawasomeshe Kiswahili maofisa na wengine waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo, aliyefika huko mwaka 1900. Wanafunzi wake walimdharau hata akalalamika, na baadaye serikali ya kikoloni ilimzuia kurudi Afrika Mashariki na mkewe Mjerumani. Hata hivyo sehemu kubwa ya kitabu cha "Desturi za Wasuaheli", kilichochapishwa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ilitoka kwenye kalamu yake. Baada yake alikuwepo Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyesomesha Kiswahili Berlin hata enzi za Wanazi, na akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Nikiyakumbuka hayo, manung'uniko yangu kuhusu baridi nayaona madogo.

Mwaka 2021 UNESCO iliipa lugha yetu tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, na kila mwaka siku hiyo tunapanda majukwaani kuhesabu wasemaji. Sijasikia akitajwa anayeketi na mgeni akisubiri apate neno. Ombi langu ni kwa idara za Kiswahili za vyuo vyetu, Kenya na Tanzania: wasaidizi wanaporejea, msiwaambie wamekwenda kutembea. Wapeni madarasa ya wageni, maana Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi haziwakosi wanaokuja kujifunza, na wapeni nafasi ya kuwaonyesha walimu wenzao namna ya kusahihisha bila kumkata mtu kauli.