Birika la Chooni

Katika nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, fundi wa zamani hakuwa na bomba la kuingiza chooni. Alijenga birika pembeni: ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, uliopigwa chokaa hadi ukawa laini kama ganda la yai. Mwenye kuoga alichota kwa kata, yaani kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Kata moja mabegani, nyingine mgongoni, na kila alipoinama kuchota aliona kwa macho yake maji yamebaki kiasi gani.

Kwenye sakafu ya birika fundi alizamisha bakuli la kauri kutoka China, likashikwa na chokaa. Mgeni akiliona leo hudhani ni pambo la matajiri, na kweli masikini hawakuwa nalo. Lakini lilikuwa na kazi. Birikani walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na maji yalipokaribia kwisha, samaki hao walijikusanya bakulini wakisubiri birika lijazwe tena. Kwa hiyo maji yaliweza kukaa siku kadhaa bila kugeuka kitalu cha mbu, na hakuna aliyelazimika kuyamwaga.

Chokaa yenyewe ilitaka subira. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo yakachomwa, kisha yakanyunyiziwa maji yakavunjika kuwa unga, na unga huo ukaachwa ukomae kabla ya kuchanganywa na mchanga. Fundi mwenye haraka alijulikana upesi: birika lake lilivuja.

Uangalifu huo wa maji haukuwa ubahili. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji yake matamu ni ya mvua, yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela na kukaa chini ya ardhi yakielea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 nyingine chini yake. Ukiteka kupita kiasi ukaishusha mita ile ya juu, chumvi hupanda kutoka chini. Ng'ambo, kisiwani Manda, mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara lililoko huko.

Dini nayo ilitia mkazo. Katika mafunzo ya Mtume, udhu unatosha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita. Anayetawadha kwenye mfereji ulioachwa wazi ajipime mwenyewe.

Si haki, hata hivyo, kulisifu birika na kumsahau aliyelijaza. Katika majumba ya waungwana, kuteka maji kisimani kulikuwa kazi ya watumwa, na katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Aliyebeba maji alijua uzito wake kuliko aliyeyaoga.

Leo bomba limefika, na mkono umesahau. Bomba la mvua linalotoa lita 10 kwa dakika humwaga lita 100 katika dakika kumi za kuoga, ilhali kwa kata, nusu ya ndoo ya lita 20 humtosha mtu mzima akatakata. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita nne kwa siku, na kinachohitajika mara nyingi ni mpira mpya wa bei ndogo.

Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mafundi wa chokaa bado wapo. Mwenye kukarabati nyumba ya kale asikubali birika livunjwe ili kupata nafasi ya tangi la plastiki. Alizibe nyufa, aweke samaki, anunue kata. Na asiye na birika, pipa lenye mfuniko na kopo la kuchotea vitamfaa vilevile.