Tangazo Linaloimbwa

Tangazo la biashara linaloimbwa ni kazi ya fundi, na Kongo ni mojawapo ya nchi zilizoukuza sana ufundi huo. Kusini mwa mkoa wa Maniema, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, tangazo la namna hii lina nafasi ambayo bango na gazeti havijawahi kuipata. Barabara ni mbovu, gazeti ni adimu, umeme ni wa jenereta na wa paneli za sola, na televisheni ni ya wachache. Redio ndogo ya betri iko kila mtaa. Mwenye bidhaa anayetaka kujulikana huko lazima apitie masikioni.

Ufundi huu ulionekana mapema. Kampuni ya sahani za muziki ya Ngoma, iliyoanzishwa na Wagiriki mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwishoni mwa miaka ya 1940, iliwazungusha wanamuziki wake kwa gari ndani ya nchi ili watu wawaone na wanunue sahani. Lakini kilele chake kilifika mwaka 1973, Franco Luambo Makiadi na kundi lake la OK Jazz walipotoa "Azda". Wimbo huo uliisifu kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen, wakati ambapo shaba ilikuwa na bei nzuri na wenye mishahara Kinshasa walianza kuota gari lao wenyewe.

Kiitikio cha "Azda" ni herufi mbili za jina la gari, V na W, zikirudiwa tena na tena na waimbaji huku magitaa yakizunguka chini yao. Hakuna sentensi ya kukariri, hakuna hoja ya kupima. Mtoto huishika mara ya kwanza anapoisikia. Jambo hili lina uzito wa pekee Kasongo, mji uliokizoea Kiswahili tangu karne ya 19, mfanyabiashara Tippu Tip alipoufanya kituo chake kikuu. Kilingala, lugha ya wimbo huo, huko hufika pamoja na muziki na pamoja na askari, na wengi hucheza nyimbo zake bila kuyafuata maneno yote. Herufi mbili hazihitaji mkalimani. Tena Franco aliziweka pale penye utamu, katika mzunguko wa magitaa unaomfanya mtu asahau kukaa chini, hivi kwamba anayecheza anakuwa anataja bidhaa kwa mdomo wake mwenyewe. Hiyo ni akili kubwa sana ya kibiashara, na ni muziki mzuri vilevile.

Wengi walioupenda wimbo huo, Kongo na Afrika Mashariki, hawakununua gari kamwe, na walioupokea Maniema walikuwa na njia zisizokubali gari dogo. Wala hawakudanganywa. Walipewa kitu kizima cha kufurahia kabla ya kuombwa chochote. Tangazo la kawaida humwomba msikilizaji dakika zake bila kumlipa. "Azda" ililipa kwanza. Ndiyo maana wimbo bado unapigwa ingawa gari lililosifiwa limezeeka.

Baadaye ilikuja desturi ya libanga, yaani mwimbaji kutaja majina ya matajiri na ya kampuni ndani ya wimbo kwa malipo. Kampuni za bia ziliitumia kwa ustadi. Kundi la Wenge Musica lilipogawanyika mwaka 1997, mashabiki walijipanga pande mbili. Miaka michache baadaye, kati ya waimbaji wake wawili waliotengana, Werrason alikuwa upande wa bia ya Primus ya Bralima na JB Mpiana upande wa Skol ya Bracongo. Kampuni hizo hazikubuni ushindani. Ziliukuta mtaani, zikauvalisha rangi zao. Hata hivyo libanga iliyozidi huua wimbo: majina yakijazana, msikilizaji hasikii hata moja. Na Kasongo, mji wenye Waislamu wengi, kuna nyumba zinazocheza muziki huo na bia haiingii mlangoni.

Ufundi wenyewe hauchagui bwana. Mwaka 1984 Franco huyohuyo aliimba "Candidat na biso Mobutu", akimnadi rais aliyegombea uchaguzi bila mpinzani. Mwaka 1987 akatoa "Attention na Sida", wimbo mrefu wa kuonya juu ya ukimwi, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Uzuri wa gitaa haukuufanya uchaguzi ule kuwa wa haki. Katika wimbo wa pili kipaji kilekile kilitumika kuokoa watu. Ni sahihi kuusifu ufundi na kumhukumu anayeukodi.

Kusini mwa Maniema leo, matangazo mengi hayana ubunifu huo. Kipaza sauti hufungwa kwenye pikipiki au mlangoni pa duka, sauti moja iliyorekodiwa ikirudia bei kutwa nzima mpaka majirani wachoke. Anayeuza mayunite ya simu hukaa chini ya mwavuli wa rangi ya kampuni, na kampuni huona imemaliza kazi. Wakati huohuo nyimbo zinasafiri zenyewe, kutoka simu hadi simu kwa kadi ya kumbukumbu, hadi kwa wachimbaji wa dhahabu wa Namoya na Salamabila huko Kabambare, bila kuhitaji mtandao wala barabara. Hakuna bango lenye miguu kama hiyo.

Kasongo ina redio yake ya jamii, Sauti ya Mkaaji, na eneo lote lina waimbaji wa harusi, wa kwaya na wa kasida wanaojua ladha ya watu wao kuliko ofisi yoyote ya Kinshasa. Wenye maduka, wauza dawa na wenye kampuni za simu wawape hao kazi ya kutunga, kwa Kiswahili cha huko, juu ya bidhaa isiyo na uongo, na wawalipe kama mafundi.